Habari za Wachuma Chai wa Seilani

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za biro, yaani ofisi yetu ya tafsiri, pamoja na miwani ya akiba ambayo haikuwa yangu, nikaenda nyumbani kwa miguu. Ninyi mliobaki pale mmeniomba niandike jinsi kazi yetu ya kutafsiri ilivyoanza hapa Goma. Mmeomba vizuri, na mimi nimechoka kukataa vitu. Juu ya vyeo sitasema, maana vilikuja vimechelewa na havikubadilisha kiti nilichokalia. Juu ya mshahara mnajua wenyewe. Nitaandika Kiswahili cha biro, kile kilichopigwa pasi. Lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme chao.

Mimi ni mtu wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Babu alifuga, baba alilima, na sote tulisema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili barabarani. Nilisoma seminari mpaka rekta aliponiambia kwa upole kwamba Mungu ananihitaji mahali pengine. Hakusema ni wapi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikashuka Goma kupatafuta. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: bandari, maghala ya kahawa, maduka ya Wagiriki na Wahindi, wazungu upande wa ziwa, sisi upande wa mawe meusi ya volkano. Nikasikia kwamba nyuma ya parokia kuna padri anayetafuta daktilo, yaani mpiga mashini ya kuandika, anayejua Kifaransa na asiyekunywa. Kifaransa nilikuwa nacho.

Padri huyo alikuwa Mbelgiji, jina lake Godfried. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lilimkaa kama limetundikwa ukutani. Zaidi ya nusu ya umri wake alikaa China, mpaka serikali mpya ya kule ilipomfunga kwa muda, kisha ikampandisha meli. Wakubwa wake hawakujua wamtume wapi, basi wakamtuma Goma. Siku ya kwanza alinipa ukurasa mmoja nipige. Nilipomaliza aliutazama, akauweka chini, akauliza, "Umeelewa ulichoandika?"

"Hapana, Padiri."

"Basi soma tena. Mashini haitakiwi kuelewa. Wewe unatakiwa."

Ukurasa ulihusu wakulima wa bonde moja la China na kodi waliyowalipa wenye ardhi. Nilidhani ni kazi ya siku moja, kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kila baada ya wiki kadhaa mfuko wa posta ulileta vitabu na majarida mapya kutoka Ulaya: siasa za Asia, kazi za Asia, maisha ya watu wa Asia. Viwanda vya gunia vya Kalkuta, miwa ya Java, wasichana wanaofuma hariri Japani. Padiri alisoma kila kitu, akaandika kwa kifupi kila mwandishi amesema nini na amekosea wapi. Mimi nilipiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta, nikazungusha roneo, mashini ya kunakili, na karatasi zikaenda misioni mbalimbali na kwa maofisa kadhaa wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji. Nani aliyezisoma sijui. Padiri alidhani ni askofu mmoja na mende wengi. Lakini alikuwa amefukuzwa katika nchi aliyoipenda, na naona kusoma juu ya majirani zake kulikuwa njia yake ya kukaa karibu nayo.

Juu ya vyombo. Stensili haipendi hasira: ukigonga kwa nguvu herufi o inatoboka na kuanguka kama kisahani, ukigonga polepole wino haupiti. Rangi ya kusahihisha ilinuka mpaka kwenye uji wa asubuhi. Wakati wa mvua karatasi zilivimba, roneo ikazitafuna tatu tatu. Tulipoanza Kiswahili shida ikawa nyingine. Mashini ya Kifaransa inaijua herufi k kama mgeni wa Jumapili. Kiswahili kinaihitaji katika kila neno. Kabla ya mwaka kwisha k yetu ililala upande. Padiri akaomba Ulaya watume k mpya. Walituma mashini nzima, kuukuu kuliko ile, yenye k safi kabisa na e iliyochakaa hata ikafanana na o. Kwa muda mrefu wasomaji wetu walisoma "loo" mahali pa "leo". Hakuna aliyelalamika. Pengine waliona tunashangaa.

Wazo la Kiswahili lilikuja kwa sababu ya Jumapili. Baada ya misa ya pili, wafanyakazi wengi hawakurudi moja kwa moja nyumbani: wabeba mizigo wa bandari, waashi, watu wa mashamba ya kahawa ya barabara ya Sake. Walikaa kwenye sali, ule ukumbi wa parokia, kwa sababu ilikuwa na mabati na mabenchi. Padiri akaniambia, "Hawa ni wafanyakazi, na sisi tuna vitabu juu ya wafanyakazi. Kwa nini tunawatumia maaskofu?" Basi tukaanza. Mara moja kwa mwezi nilitafsiri habari moja, tukazungusha karatasi, nikaisoma kwa sauti, na watu wakauliza maswali.

Mara ya kwanza nilisoma juu ya wale wasichana wa hariri wa Japani, wanaolala katika nyumba ya kiwanda na kufungiwa mlango. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali magumu. Mtu wa kwanza akauliza wanakula nini. Wa pili akauliza kama wana ng'ombe. Wa tatu akauliza mkwe anapeleka mahari kwa baba ama kwa mwenye kiwanda, na hapo sali ikachangamka mpaka jioni. Mimi niliona tumeshindwa. Padiri alitoka akitabasamu. "Wameuliza chakula, mali na ndoa," akasema. "Mwandishi mwenyewe aliuliza hayo hayo, ila alitumia kurasa mia nne."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake lilikuwa moja tu. Ukikutana na neno usilolijua, usilifunike kwa neno kubwa. Nenda kwa mtu anayekifanya kitu chenyewe, umuulize anakiitaje. Kwa hiyo nilikwenda bandarini kuuliza namna wanavyoita msimamizi anayekata siku za mtu, nikaenda kwa waashi, nikaenda sokoni. Tulipopata kitabu juu ya mashamba ya chai ya Seilani, kile kisiwa kilicho chini ya India, nilikwenda kwa Bwana Jivan, Mhindi mwenye duka la vitambaa karibu na bandari, nimuulize majina ya kule yanatamkwaje. Alinitazama juu ya mita yake ya kupimia.

"Weye Faustin, Matadi unaijua?"

"Hapana, Bwana."

"Mimi Seilani vile vile sijui. Kwetu ni mbali na kule kama hapa na Matadi. Watu wanafikiri India ni kijiji." Kisha akakata kitambaa cha mteja, akaongeza polepole, "Lakini ile habari nimesikia. Ile ni habari mubaya."

Ilikuwa habari mbaya kweli. Kitabu, kwa kifupi cha Kifaransa cha Padiri, kilisema hivi. Zamani za babu zetu, wenye mashamba ya chai walileta watu kutoka India ya kusini, wakawavusha maji, wakawaweka kwenye milima ya Seilani katika nyumba za mstari mmoja. Watu hao walichuma chai. Watoto wao wakazaliwa humo na kuchuma, wakawazika wazee wao humo. Kisha Waingereza wakaondoka, nchi ikapata wakubwa wake, na wakubwa hao wakatunga sheria. Kwa sheria ile wengi wa wachuma chai walipoteza kitu ambacho kwa Kifaransa kinaitwa nationalité.

Neno hilo lilinishinda. Leo mna neno uraia na mnalipiga bila kutazama kibodi. Wakati ule hapa hakuna aliyekuwa raia wa kitu. Sisi tulikuwa wenyeji, yaani watu wa kuandikwa na kuhesabiwa, na neno la kitu usichokuwa nacho halipatikani sokoni. Nilimuuliza katekista, akanipa neno la Kilatini. Nilimuuliza mwashi, akafikiri sana, akasema, "Unataka kusema mutu wa inchi?" Nikarudi kwa Padiri na sentensi yangu: Wachuma chai wakaambiwa, ninyi si watu wa nchi hii. Wakaenda kuuliza India. India nayo ikasema, ninyi mlikwenda zamani.

Padiri aliisoma mara mbili. "Kwa Kifaransa halionekani hivi," akasema mwishoni.

"Nitafute lingine?"

"Kuna lingine?"

Hapakuwa na lingine.

Jumapili hiyo Bwana Ajenti, mzungu wa utawala wa Leta, alikuja. Alikuwa anakuja mara moja moja, anakaa benchi la nyuma, kofia magotini, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko alivyoonyesha. Nilisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza juu ya chakula. Kisha akasimama mtu mfupi, mwenye mabega mapana, aliyekuwa akiendesha mashini ya kukoboa kahawa katika shamba moja kupita Mugunga. Jina lake Melkiori Nzabonimpa. Nilimfahamu kwa uso na kwa sauti, maana aliimba besi katika kwaya.

"Mimi njo Melkiori," akasema. "Kwetu ilikuwa Ruanda. Leta ilikuja kutafuta watu wa kulima huku, Papa yangu akakubali, tukapanda kamiyo sisi wote na mbuzi. Nilikuwa kijana. Walitupatia mulima kule juu ya Sake. Tulikata pori, tulilima, na sasa nafanya kwa kahawa. Naomba kuuliza. Siku moja wazungu wakirudia kwao kama wale Waingereza, na sisi wataambia vile? Ninyi si watu wa hapa?"

Aliyesema kwanza alikuwa yule mwashi wangu, mzee Mhunde, wa kabila la wenyeji wa milima ya Sake, bila kusimama, akitazama mikono yake.

"Ule mulima walipatia ninyi," akasema, "ulikuwa na watu mbele. Mama yangu alizaliwa pale. Kwa sisi pia hakuna mutu aliuliza."

"Muzee, mimi sikujua," Melkiori akasema.

"Nasikia. Walikuleta macho imefungwa. Mimi sikukasirikia wewe. Nasema tu."

Wote wawili wakamgeukia Padiri. Naye Padiri Godfried, aliyekuwa na jibu kwa kila mwandishi wa Paris na London, akasema, "Sijui. Nisiwadanganye. Sijui." Bwana Ajenti akasimama akavaa kofia. "Mukutano umeisha," akasema. "Mvua iko inakuja." Tukatoka nje. Jua lilikuwa linapiga mawe mpaka yanameta.

Kesho yake tuliitwa kwenye biro ya Ajenti. Hakupiga kelele. Alikuwa na karatasi yetu mezani, na maneno kadhaa amepigia mstari.

"Kitabu hiki kimechapwa London," Padiri akamwambia kwa Kifaransa. "Mtu yeyote anaweza kukinunua."

"Mtu yeyote wa London," Ajenti akajibu. Akanigeukia mimi. "Nani alichagua maneno haya, watu wa nchi?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa Kifaransa hili ni neno la wanasheria. Halimkoseshi mtu usingizi. Wewe umelifanya neno la mtu wa mashini ya kahawa. Na hapa, Waingereza wakaondoka. Umelisoma kama unasoma habari za mvua."

"Waliondoka, Bwana," nikasema.

"Najua kwamba waliondoka!" Hapo tu ndipo sauti yake ilipopanda. Kisha akasugua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia alikuwa mtu aliyelala vibaya. Alituambia atakavyofanya. Habari za Asia zitaendelea kwa Kifaransa, kwa misioni na maofisa, maana mkuu wake wa Bukavu anazipenda. Kwa Kiswahili, basi. Jumapili tunaweza kufundisha usafi wa visima.

Padiri hakubishana. Nilimngoja abishane, nikamngoja mpaka barabarani. Tulipofika karibu na ziwa alisimama kupumua. Mapafu yake yalikuwa yameharibika gerezani. "Unanikasirikia," akasema.

"Kidogo, Padiri."

"Nchi moja nimetolewa kwa sababu ya maneno. Nilibishana, na waliolipa ni wanafunzi wangu, si mimi. Mimi walinipa meli." Akaanza kutembea tena. "Sasa twende tukamtafute Melkiori, kabla yeye hajalipa."

Tulichelewa. Mwenye shamba alikuwa amekwisha kumwambia asirudi kazini. Padiri alikwenda kumwona, nami nikasimama nyuma yake barazani. Mzungu huyo alitupatia kahawa, yake mwenyewe, nzuri sana. "Sina neno naye," akasema. "Ile mashini inamsikia yeye tu. Lakini Leta imeniomba, na mimi naiomba Leta vitu vingi." Padiri alimwomba mara ya pili, kisha mara ya tatu kwa sauti ambayo sikupenda kuisikia kutoka kwake. Mtu yule alitikisa kichwa, akaongeza sukari.

Siku iliyofuata nilimkuta Melkiori kwenye njia ya Sake, yeye na mkewe Veronika na watoto wawili, wanangoja kamiyo, yaani lori, ya kuwapeleka kwenye shamba la baba yake mlimani. Walikuwa na masufuria, godoro la majani, na kinanda kidogo cha vyuma alichokitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole. Hakunipa nafasi.

"Faustin, ile habari haikuisha."

"Habari gani?"

"Ya wale wa chai. Walirudia kwao, ao walibaki?"

"Kitabu kinaishia pale, Melkiori. Ni kipya. Hata aliyeandika hajui."

"Sasa wanaandika kitabu ambayo haina mwisho?"

"Wanafanya hivyo."

Mkewe akacheka, cheko fupi lenye hasira ndani. "Amepoteza kazi juu ya watu wa chai," akaniambia, "na anataka tena habari yao."

"Ikifika ingine, utaniambia," Melkiori akasema. Haikuwa swali. Kamiyo ikaja, tukapandisha godoro, wakaenda.

Baada ya hapo miaka ilikuwa mirefu, na kwa sehemu kubwa haina cha kusimuliwa. Nilipiga mashini. Mikono ikaanza kuuma kwenye vidole vidogo, jambo ambalo mtalizoea ninyi pia. Jumapili nilisoma juu ya visima mbele ya mabenchi yaliyopungua kila mwezi, mpaka tukabaki mimi, katekista na watu waliokimbia mvua. Yule mwashi mzee alikuja mara kadhaa, akasikiliza habari ya kufunika kisima, akasema, "Hii nilikuwa najua," akaacha kuja. Padiri aliendelea kuandika, lakini maneno yake yalikuwa mafupi zaidi, na kuna asubuhi nilimkuta amekaa na jarida halijafunguliwa, anatazama tu stempu.

Mapafu yalipomzidi walimrudisha Ulaya. Nilibeba sanduku lake mpaka kwenye gari. Nilitegemea aniachie neno la maana, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimesoma vitabu. Alishika mkono wangu, akasema, "Usiache roneo na wino ndani." Halafu, mlango umekwisha kufungwa, akateremsha kioo. "Majarida yataendelea kuja, Faustin, yamelipiwa. Yafungue wewe." Hakutoka hospitalini kwao; alifia humo. Tulipata habari wakati wa Kwaresima, na kwaya ilimwimbia misa. Sauti ya besi haikuwapo, nami nikaona namna wimbo unavyoyumba bila kitu chini yake.

Padri aliyemfuata alikuwa mtu mwema, hakuipenda Asia wala hakuichukia. Alitaka katekisimu ipigwe upya. Mimi niliipiga, na mfuko wa posta ulipofika niliyafungua majarida kama nilivyoambiwa, nikayasoma saa ya kula, peke yangu, na mkate. Ndivyo nilivyoipata. Ilikuwa makala fupi mwishoni mwa jarida, kurasa zile ambazo watu hawafiki. Ilisema mawaziri wa Seilani na wa India walikutana juu ya wachuma chai. Walikubaliana kwenye karatasi, kisha wakarudi makwao na kila mmoja akaisoma karatasi hiyo kwa namna yake. Watu wenyewe, mwandishi alisema, wengi wao bado wako mashambani, bado wanachuma, bila jibu la upande huu wala wa upande ule.

Niliomba ruhusa ya siku mbili. Sikusema ni ya nini, na padri mpya hakuuliza; alidhani ni ndoa. Niliwaza juu ya Ajenti. Wa zamani alikuwa amehamishwa, lakini aliyekuja alikuwa na kofia ile ile. Kutafsiri kwa Kiswahili na kusambaza kulikuwa kumekatazwa, na mtu aliyepoteza kazi ya biro wakati huo hakupata nyingine, alirudi kulima. Nilitafsiri kwa mkono, nakala moja, nikaiweka ndani ya shati. Nilipanda kamiyo ya vitunguu mpaka Sake, na kutoka Sake nikapanda kwa miguu, nikiuliza njia kila nyumba.

Melkiori alikuwa shambani anang'oa mawe. Alikuwa amekonda na kuota mvi, na alinitazama kwa muda kabla ya kuweka jembe chini. Hakusema karibu. Alisema, "Imefika?"

"Imefika."

Alimwita mkewe. Tulikaa nje ya nyumba, Mama Veronika anachambua maharage kwenye ungo, na nikasoma. Nilisoma polepole, kwa sababu nilijua ni fupi na nimekuja mbali. Nilipomaliza Melkiori alingoja, akidhani kuna ukurasa mwingine.

"Basi?"

"Basi."

"Bado wanachuma."

"Bado."

"Na hakuna mukubwa alisema ni watu wake."

"Hakuna."

Nilikuwa na aibu na ile karatasi. Nilikuwa nimepanda mlima mzima na kitu ambacho hakikuwa na faraja hata ya kuweka kwenye kijiko. Lakini yeye alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa mashini na kuelewa pale ilipokwama. Alinionyesha nyuma ya nyumba, msalaba wa mti uliopakwa chokaa. "Papa tulimuzika pale mwaka jana. Mupaka saa ya mwisho alikuwa anauliza kama mvua imenyesha kwa Ruanda." Kisha akasema, "Uko na karatasi ingine?"

"Ninayo."

"Andika. Tunawatumia salamu."

"Nani?"

"Wale wa chai."

Mama Veronika akaacha maharage. "Melkiori, wewe ni mugonjwa? Wako mbali ya bahari, hawasikie hata luga yako."

"Huyu kazi yake ni nini?" akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Ageuze."

Nawaambia mapema ili msingoje: jibu halikuja. Niliigeuza kwa Kifaransa, nikaituma kwa mwandishi wa kitabu kwa kupitia wachapaji wake, na kama ilifika mezani kwake ama kwenye kapu lake sijui. Tangu siku ile nimetafsiri hotuba za watu wakubwa sana. Leta imebadilisha jina na mimi nimebadilisha vichwa vya barua. Na swali la Melkiori limerudi katika mji huu mara nyingi, likiulizwa na watu wenye hasira zaidi yake, na kila mara nimeletewa ili nilitafsiri, nikiwa nimechoka zaidi kuliko mara iliyotangulia. Ninyi pia mtaletewa. Kwa hiyo nawaandikia tu namna yeye alivyolisema siku ile, aliposimama mbele yangu, mikono nyuma, kama yuko kwaya.

"Andika hivi. Jambo kwenu. Tumesikia habari yenu kwa mutu wa hapa, mara mbili. Ninyi walipakia ku meli, sisi ku kamiyo. Huku tunalima maharage na mahindi, kahawa ni ya muzungu. Mwaka huu mvua ilikuwa mingi lakini maharage ilipona. Muzee wetu alikufa, tulimuzika hapa. Iko jirani yetu mumoja Muhunde, mulima ulikuwa wa babu yake. Anatupatia mbegu, tunamusaidia kuvuna, na kuko siku hatusemeshane. Ninyi pia muko na jirani. Musiache kuwasalimu. Bibi yangu Veronika anasema mukule vizuri."

"Sikusema," Mama Veronika akasema.

"Sasa unasema nini?"

Alichambua maharage kidogo. "Waambie watoto wao wasome," akasema, akainama tena.

Niliandika. Kisha nikamsomea yote, na akasahihisha mahali pawili, kwa sababu nilikuwa nimeanza kunyoosha Kiswahili chake bila kufikiri. Wingu lilikuwa linashuka juu ya Sake na ilinipasa niondoke. Nikamuuliza jambo la mwisho, lile tunaloliuliza mwisho wa kila barua, kwa desturi tu.

"Niweke nani? Melkiori Nzabonimpa, wa wapi?"

Alimtazama mkewe. Alitazama lundo la mawe aliyokuwa ameyang'oa asubuhi, na mistari ya maharage iliyoteremka mpaka kwa jirani.

"Weka Melkiori, wa hapa," akasema. "Na jina la mulima uliandike muzuri, wasikose njia."

Nikaliandika. Aliniomba nilisome tena, herufi moja moja, naye akalifuata kwa kidole kilichojaa udongo mpaka mwisho.